Juja inastahili maabara ya baridi kali

Mnunuzi wa vyuma chakavu mjini Ruiru hafanyi kazi bila sumaku. Gunia la shaba likimwagwa mbele yake, huipitisha sumaku juu ya vipande kabla ya kuviweka kwenye mizani, maana shaba haivutwi, na chochote kitakachonata ni chuma kilichotiwa humo kuongeza kilo. Sumaku hiyo hiyo huteleza juu ya sinki la stenlesi, ingawa zaidi ya nusu ya uzito wa stenlesi ni chuma. Huteleza pia juu ya taya za mashine za kusaga kokoto, zile zinazovunja mawe ya kujengea majumba yanayochipuka kutoka Membley hadi Makongeni. Kwa kawaida taya hizo huundwa kwa chuma chenye manganizi asilimia 12 hivi, mchanganyiko uliobuniwa na Mwingereza Robert Hadfield mwaka 1882. Chuma kitupu hunasa sumaku papo hapo, lakini kikichanganywa na metali nyingine kwa kipimo fulani, huiacha iteleze.

Fundi anaweza kupata riziki yake bila kujua sababu. Nchi inayotaka kuitwa ya viwanda haiwezi. Inahitaji watu wanaolipwa kuifukuzia sababu hiyo hadi mwisho, hata kama huko mwisho hakuna bidhaa ya kuuza. Makala haya yanatetea jambo moja: pale Juja, katikati ya Ruiru na Thika, panastahili maabara ya kuchunguza metali na sumaku katika baridi kali, iliyo wazi kwa vyuo, viwanda na shule za eneo zima. Ushahidi ulio bora kabisa wa hoja hiyo umo ndani ya kipande cha shaba chenye manganizi kidogo.

Kila atomi ya chuma hubeba usumaku wake mdogo wenye mwelekeo, ambao wanafizikia huuita spini. Katika msumari, spini za jirani hukubaliana kuelekea upande mmoja, na ndiyo maana msumari hunasa sumaku. Uutie msumari huo motoni hadi upite nyuzi 770 za Selsiasi na makubaliano hayo huvunjika. Sumaku haitaushika tena mpaka upoe. Hilo ni jambo rahisi, na nadharia yake imejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja.

Shaba yenye manganizi ni kisa kingine. Iyeyushe shaba, tia atomi 1 ya manganizi kwa kila atomi 100, kisha iache igande. Atomi za manganizi zitakuwa zimetawanyika ovyo ndani ya shaba, mbalimbali, bila mpango. Hata hivyo zinawasiliana. Elektroni za shaba zinazopita katikati yake hupeleka athari ya spini moja hadi kwa nyingine, na athari hiyo hugeuka kadiri umbali unavyobadilika. Atomi mbili zilizo katika umbali fulani husukumwa zielekee upande mmoja. Umbali ukiongezeka kidogo tu, husukumwa zielekee pande zinazopingana. Na kwa kuwa umbali wenyewe umetokea kwa bahati nasibu, kila spini hujikuta ikivutwa huku na majirani hawa na kule na majirani wale.

Chukua wapangaji watatu wa ploti moja huko Kimbo, walioambiwa wapake milango yao rangi, na rangi zilizopo ni mbili tu, bluu na nyekundu. Kila mmoja anataka mlango wake usifanane na wa jirani hata mmoja. Wa kwanza akipaka bluu na wa pili nyekundu, wa tatu hana pa kutokea: rangi yoyote atakayochagua itafanana na ya mmoja wao. Hakuna mpango unaoweza kuwaridhisha wote watatu, ingawa ipo mipango kadhaa iliyo sawa kwa ubaya wake. Mkwamo wa namna hiyo ndio Mfaransa Gérard Toulouse aliouweka katika msingi wa nadharia ya michanganyiko hii ya metali, yaani aloi, mwaka 1977, na ndani ya kipande kidogo cha shaba ya manganizi mikwamo hiyo haina idadi.

Kipande hicho kikipozwa hadi kama nyuzi 263 chini ya sifuri, jambo la ajabu hutokea. Spini zake huacha kutapatapa. Hazijipangi upande mmoja kama za msumari. Kila moja huganda ikielekea kwake, na mpangilio zilioganda nao ni mmoja tu kati ya mingi mno inayokaribiana. Atomi za kioo cha dirisha nazo zimekaa bila mpango lakini hazisogei, kwa hiyo hali hii ikaitwa kioo cha spini. Mwaka 1972 Vincent Cannella na John Mydosh walipima dhahabu iliyochanganywa na chuma kidogo, wakaona kwamba uwezo wake wa kuitikia sumaku dhaifu hupanda kadiri inavyopoa, kisha ghafla hukata kona kali na kuanza kushuka. Kona kali katika grafu ni dalili kwamba kuna badiliko la kweli, na badiliko hilo halikuwa katika kitabu chochote cha fizikia.

Tabia nyingine ya aloi hizi ni kukumbuka. Mwaka 1983 watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba sampuli iliyopozwa na kuachwa kwa dakika chache haiitikii sumaku sawa na ile iliyoachwa kwa saa kadhaa. Metali inazeeka, na umri wake unapimika. Baadaye ikaonekana kwamba ukiipoza, ukasimama kidogo katika kiwango fulani cha baridi, kisha ukaendelea kushuka, siku utakapoipasha joto tena itaonyesha alama pale pale uliposimama.

Waliojaribu kueleza haya walitumia miaka mingi na karatasi nyingi. Sam Edwards na Philip Anderson walitoa mfano wa kwanza wa kihesabu mwaka 1975. Mwaka huo huo David Sherrington na Scott Kirkpatrick wakatoa mfano uliorahisishwa zaidi, ulioonekana mwepesi kuutatua, lakini jibu lake likaleta matokeo yasiyowezekana karibu na baridi ya mwisho kabisa. Mwitaliano Giorgio Parisi alilipata jibu sahihi mwaka 1979 kwa njia ambayo wanahisabati hawakuweza kuithibitisha kwa zaidi ya miaka 20, mpaka Michel Talagrand wa Ufaransa alipochapisha uthibitisho mwaka 2006. Parisi alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021. Talagrand akapewa Tuzo ya Abel, iliyo kilele cha heshima katika hisabati, mwaka 2024.

Mlipa kodi wa Thika ana haki ya kuuliza yote hayo yamemfaa nini mwananchi. Kioo cha spini chenyewe hakijawa bidhaa. Hakuna kiwanda kinachokitafuta ili kukiuza kwa kilo. Kilichozaliwa kutokana nacho ni namna ya kufikiri juu ya vitu vingi vyenye matakwa yanayogongana. Mwaka 1983 Kirkpatrick na wenzake wawili wa kampuni ya IBM waliigeuza mbinu ya kupoza metali polepole kuwa kanuni ya kompyuta ya kutafuta mpango bora kati ya mamilioni, wakaitumia kupanga sehemu za saketi za kompyuta na kutafuta njia fupi ya msafiri mwenye miji mingi ya kupitia. Mwaka mmoja kabla yao, John Hopfield alikuwa ameonyesha kwamba mtandao wa neva bandia unaweza kuhifadhi kumbukumbu kwa hesabu ile ile ya spini. Geoffrey Hinton na wenzake wakaujenga juu ya msingi huo mtandao unaojifunza wenyewe. Hopfield na Hinton walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2024, na akili unde inayozungumzwa leo katika kila ofisi ya serikali ina mzizi hapo.

Kenya ilizindua mkakati wake wa kitaifa wa akili unde wa 2025 hadi 2030. Tayari vijana wengi jijini Nairobi wamefanya kazi ya kuziwekea picha na maandishi alama ili mashine za makampuni ya ng'ambo zijifunze. Kazi hiyo ni halali na ina jasho lake. Lakini inasikitisha kuona taifa likijiandaa kuwa mtumiaji na kibarua wa elimu ambayo msingi wake ungeweza kufundishwa na kuchunguzwa umbali wa mwendo mfupi wa matatu kutoka Githurai. Mkakati wa akili unde usio na fizikia na hisabati chini yake utawaacha vijana hao pale pale walipo, wakiweka alama.

Afrika Mashariki, tena, si mgeni katika somo hili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba huko Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friza. Nafasi zilikuwa zinakwisha, akayaweka yangali moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali lake. Alipofika Shule ya Mkwawa mjini Iringa, mwanafizikia Denis Osborne kutoka chuo kikuu kilichokuwa Dar es Salaam alikuja kutoa mhadhara, na Mpemba akamuuliza swali lile lile mbele ya wote. Wenzake walicheka. Osborne alirudi Dar es Salaam akalijaribu katika maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la kufundishia fizikia.

Kuhusu maji, wanasayansi bado wanabishana iwapo jambo hilo hutokea kweli au hutegemea vipimo vilivyotumika. Katika kioo cha spini, mjadala umekwenda mbali zaidi. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Uhispania na Italia, Parisi akiwa miongoni mwao, walitumia kompyuta iliyojengwa maalumu kwa hesabu za spini, inayoitwa Janus II, kuigiza upoaji wa aloi hizi. Walikuta kwamba mfumo ulioanza na joto zaidi unaweza kuupita ule ulioanza na joto kidogo, mradi ndani yake spini zilizokwisha kupatana zimeenea umbali mrefu zaidi. Halijoto pekee haitoshi kueleza hali ya kitu kama hicho. Ni lazima kujua pia kimepitia nini. Makala yao, iliyotoka katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, inalitaja jina la Mpemba katika kichwa chake.

Tafakari hilo. Jina la mvulana wa Magamba limo ndani ya fizikia ya aloi zenye sumaku zilizovurugika, na kompyuta iliyolipeleka huko iko Zaragoza. Swali lilitoka hapa, ila hesabu yake ikafanyiwa kwingine kwa sababu huko ndiko palipokuwa na chombo, mshahara na muda wa kufikiri. Ni watoto wangapi wa shule za Gatuanyaga na Kihunguro wameuliza swali zuri wakanyamazishwa hakuna anayejua, lakini chombo cha kulijibu kinaweza kuwekwa karibu nao.

Karibu nao pana nini? Pana Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1981 kwa msaada wa Japani na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Ndani ya eneo lake Umoja wa Afrika uliweka taasisi ya Chuo Kikuu cha Pan African inayoshughulikia sayansi za msingi, teknolojia na ubunifu, yenye wanafunzi kutoka kila pembe ya bara. Thika pana Chuo Kikuu cha Mount Kenya na viwanda vya miongo mingi, kikiwemo kile cha kuunganisha magari kilichoanzishwa miaka ya 1970. Ruiru pana viwanda vya chuma vinavyoyeyusha vyuma chakavu na kuvigeuza nondo. Kwa maneno mengine, metali zipo, moto upo, na watu wenye digrii wapo, wote kwenye barabara moja.

Baridi nayo ipo. Mfugaji wa Githunguri au Gatundu amekwisha kuiona kwa macho yake: mtungi anaokuja nao mhudumu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizohifadhiwa una naitrojeni kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Baridi hiyo haitoshi kwa shaba yenye manganizi ya asilimia 1, ambayo huhitaji heli kimiminika iliyo ghali. Lakini kiwango cha kugandia hupanda kadiri manganizi inavyoongezwa, na ikifika karibu robo ya mchanganyiko, naitrojeni ya ng'ombe inatosha kuonyesha spini zikiganda. Chombo cha kupimia ni koili mbili za waya wa shaba, sampuli katikati, mkondo dhaifu wa umeme unaogeuka geuka, na kifaa cha elektroniki cha kuchuja mawimbi. Mwanafunzi wa mwaka wa nne akisimamiwa vizuri anaweza kuzifunga koili hizo kwa mkono wake.

Na si lazima aanze na shaba. Mwaka 1984 watafiti walichapisha ramani ya tabia za aloi za chuma, nikeli na kromiamu, ndugu wa karibu wa stenlesi ya masinki na sufuria. Kromiamu iliwekwa asilimia 20, na nikeli ikapandishwa hatua kwa hatua. Katika baridi kali, kwenye asilimia 14 na 17 za nikeli aloi iligeuka kioo cha spini. Nikeli ilipoongezwa zaidi, ikawa sumaku ya kawaida. Tofauti ya vipimo vichache vya nikeli ilibadilisha kila kitu. Hilo ni somo la kufundishia vyuoni, na linagusa moja kwa moja mali inayouzwa kwa kilo kando ya barabara ya Thika.

Maabara ya namna hiyo ingekuwa na kazi ya kila siku pia. Vyuma chakavu vikiingia tanurini na mota za umeme zisizotolewa waya, shaba huyeyukia ndani ya chuma na haitoki tena. Sehemu 3 au 4 za shaba katika kila sehemu elfu zinatosha kuleta nyufa chuma kinapopitishwa kwenye roli kikiwa moto. Anayeweza kuchunguza metali kwa undani kwa ajili ya Parisi anaweza pia kumwambia mwenye kiwanda ni nini kimo ndani ya tani alizonunua, na kumwambia mjenzi kama nondo alizouziwa ni salama.

Serikali imekwisha kuonja uchungu wa biashara hii isiyo na macho ya kitaalamu. Tarehe 11 Januari 2022 umeme ulipotea nchini baada ya minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi kuanguka, vyuma vyake vikiwa vimeibwa. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, na marufuku hiyo ikadumu hadi Mei. Watu waaminifu walikaa miezi bila kazi pamoja na wezi. Nchi yenye wataalamu wa kutosha wa metali, wanaoweza kuchunguza kipande na kusaidia kutambua kilikotoka, ingekuwa na njia nyingine za kushika wahalifu kuliko kufunga yadi zote.

Kuna watakaosema hospitali hazina dawa na madarasa hayana madawati, kwa hiyo fizikia ya baridi isubiri. Hoja hiyo ina uzito na haifai kubezwa. Ila fedha zinazodaiwa hapa si za dawa. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na kuitengea, kwa maandishi, asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Zaidi ya miaka kumi imepita na kiwango hicho hakijafikiwa. Wabunge walipitisha ahadi hiyo wenyewe. Kuidai ni kudai sheria ifuatwe, na sehemu ndogo mno ya asilimia hizo ingetosha kuijenga maabara hii, kuilipia naitrojeni na kuwaajiri mafundi wake.

Ni kosa pia kudai kila utafiti utaje bidhaa yake kabla haujaanza. Kama Cannella na Mydosh wangeulizwa mwaka 1972 dhahabu yao yenye chuma itauzwa wapi, wangekosa jibu, na pengine wangenyimwa fedha. Anderson, aliyepata Nobel yake mwaka 1977, aliandika baadaye mfululizo wa makala saba kueleza jinsi swali hilo la aloi zisizo na soko lilivyovuka mipaka na kuingia katika kompyuta, biolojia na nadharia ya ubongo. Hazina ya Utafiti itenge fungu la wazi kwa maswali ya aina hiyo, lihukumiwe kwa ubora wa swali na ukali wa kipimo, na lisiwalazimishe wahadhiri kubuni faida za uongo kwenye fomu.

Viwanda vya chuma vya Ruiru navyo visikae pembeni. Vinaweza kuchangia sampuli, nafasi za mafunzo na sehemu ya gharama, kwa kuwa vitakuwa wa kwanza kufaidika na majibu. Kaunti ya Kiambu inaweza kulipia siku za wanafunzi wa sekondari kuitembelea maabara, hasa wale wa mkondo wa sayansi katika mfumo mpya wa elimu, ambao wengi wao hawajawahi kuona metali ikipoteza usumaku wake mbele ya macho yao.

Kila mwaka, kabla ya bajeti kusomwa mwezi Juni, Bunge hupokea maoni ya wananchi kama Katiba inavyotaka. Mkazi wa Thika Mjini, Juja au Ruiru ana mbunge, na mbunge huyo ana kura juu ya fedha za utafiti. Amwandikie, amtaje Mpemba kama akipenda, na amuulize asilimia 2 iliyoandikwa mwaka 2013 itatengwa lini na ni kiasi gani chake kitafika Juja.